Duranta: Wigo Unaozaa Shanga za Manjano

Boma la Kirundi, urugo, hutambulika kwa wigo wake, na hadi leo imiyenzi, ule mnyaa wenye utomvu mweupe unaochoma macho, haijatoweka vijijini. Lakini mkazi wa Gitega au Muyinga anayetaka wigo wa kutazamwa, si wa kuzuia mbuzi tu, atapendezwa na duranta. Ni kichaka chenye maua ya zambarau na vishada vya vitunda vya manjano vinavyoning'inia kama shanga. Asili yake ni Karibi na nchi za joto za bara la Amerika, na jina lake linamuenzi Castore Durante, tabibu wa Kiitalia wa karne ya 16.

Katika nchi zenye barafu, baridi hukiua hadi shinani. Gitega, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, haina tishio hilo, wala Muyinga. Kinachosumbua huku ni kiangazi cha Juni hadi Agosti, nacho huitesa zaidi miche michanga.

Ndiyo maana kazi huanza mvua zinaporudi, Septemba au Oktoba. Pingili za sentimita 10 hadi 15, kutoka tawi lililoanza kukomaa, huchomekwa kwenye udongo wenye unyevu, kivulini. Zikishika mizizi huhamishiwa penye jua kamili, nusu mita kati ya mche na mche, na samadi iliyooza shimoni. Vidukari wakivamia, maji ya sabuni husaidia.

Mambo yote yako kwenye mkasi.

Duranta huchanua kwenye ncha za matawi mapya. Anayeinyoa kila mara hupata ukuta wa kijani ulionyooka, bila ua wala tunda, kisha huilaumu mbegu! Anayetaka vitunda aipogoe mara moja, msimu wa kuzaa ukiisha, na matawi ayaache yainame yapendavyo.

Ndege huvila vitunda hivyo bila tabu. Watoto na mbwa, hapana: vina sumu, na vifo vya watoto vimewahi kuripotiwa. Kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa, au uani mwa shule, ule unyoaji wa mara kwa mara unageuka kuwa busara. Ndege hao hao husambaza mbegu. Huko Queensland, Australia, duranta imeshahesabiwa kuwa gugu. Miche inayojiotea nje ya bustani, hasa mabondeni, ing'olewe ingali michanga.