Dozi Ndogo, Tiba Kamili

Mzazi wa Dongobesh au Katesh, mkoani Manyara, akiambiwa kwamba mwanawe ana saratani ya tezi, halafu akasikia kwamba dawa atakazopewa ni pungufu kuliko wanazopewa watoto wa Ufaransa wenye ugonjwa uleule, ana kila sababu ya kushtuka. Atajiuliza kama mwanawe anapunjwa kwa sababu baba ni mkulima wa vitunguu saumu, hana bima, na ametoka mbali. Swali hilo linastahili jibu la kina. Katika saratani hii dozi pungufu mara nyingine ndiyo inayomrudisha mtoto nyumbani akiwa hai, na mara nyingine ndiyo inayomuua. Inategemea nani aliyepunguza, alipunguza nini, na kwa ushahidi gani.

Saratani hiyo, yaani limfoma, huanzia kwenye chembe za kinga, zile zinazokaa kwenye tezi, bandama na utumbo. Kwa watoto wa Afrika Mashariki inayojulikana zaidi ni limfoma ya Burkitt, ambayo hupenda taya na tumbo. Kwenye taya hujitangaza kwa jino la nyuma kulegea kwa mtoto wa miaka mitano au sita. Watu wanadhani ni meno ya utoto yanayong'oka, ingawa meno ya utoto huanza kung'oka mbele. Jino linatolewa, uvimbe unabaki, na baada ya wiki chache uso umepinda na jicho limeanza kusukumwa nje. Ni miongoni mwa saratani zinazokua upesi kuliko zote: chembe zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kasi hiyo inatisha, lakini ndiyo pia inayotupa matumaini, kwa sababu dawa za saratani huziua zaidi chembe zilizo katika kugawanyika. Uvimbe mkubwa kama ngumi unaweza kuyeyuka kwa siku chache.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Mulago, Kampala, aliuandika ugonjwa huu mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walifunga safari ya takribani kilomita 16,000 kwa gari, kutoka Uganda kupitia Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakisimama hospitali baada ya hospitali na picha za watoto wenye uvimbe mkononi, wakiuliza kama kuna aliyewahi kuona mtoto wa namna hiyo. Walichogundua kinamgusa msomaji wa Manyara moja kwa moja: huku kwetu karibu na ikweta, ugonjwa ulipungua sana kwenye mwinuko wa kama mita 1,500, pale baridi inapoanza kuizuia malaria. Haydom, Mbulu mjini na Katesh ziko juu ya kimo hicho. Bonde la Eyasi na Yaeda Chini ziko chini yake. Hata hivyo mganga wa zahanati asijisemee kwamba milimani ugonjwa huu haupo. Mtoto wa mlimani ana bibi bondeni, ng'ombe hufuata malisho, na familia hufuata ng'ombe. Kirusi cha Epstein-Barr, kilichoonekana mwaka 1964 katika vipande vya uvimbe vilivyotumwa London kutoka Kampala, hushirikiana na malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara, na wote wawili hawaishii penye mpaka wa kata.

Burkitt hakuwa na mashine ya mionzi. Alikuwa na dawa chache, na wagonjwa ambao familia zao ziliondoka wodini mara uvimbe ulipoisha. Mwaka 1967 alichapisha taarifa kuhusu watoto waliopata dozi moja au mbili tu na wakakaa miaka bila ugonjwa. Hapo ndipo dunia ilipojifunza kwamba kuna saratani ya mtoto inayoweza kuponywa kwa dawa peke yake. Lakini watoto wengine wengi waliopata dozi hizohizo ugonjwa uliwarudia, mara nyingi kwenye utando wa ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo dawa ya mshipani hufika kwa shida. Ndiyo maana kituo cha limfoma kilichofunguliwa Kampala mwaka 1967, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda, kilianza kuunganisha dawa na kuongeza sindano za mgongoni.

Ulaya na Marekani zilishika njia ya kuongeza dozi, na waliopona wakafikia karibu watoto 9 kati ya 10. Walipofika hapo wakaanza kuuliza ni kiasi gani kinaweza kuondolewa, kwa sababu dawa zilezile zinazoponya huacha madhara: doksorubisini hudhoofisha moyo, siklofosfamidi ikizidi huweza kumnyima mtoto uzazi atakapokuwa mtu mzima, na kila mzunguko wa dawa hushusha kinga kiasi kwamba vijidudu vya kawaida huweza kuua. Utafiti wa FAB/LMB96, ulioziunganisha hospitali za Ufaransa, Uingereza, Marekani na kwingineko, ulitoa majibu yake mwaka 2007 na 2008. Watoto ambao uvimbe wote uliondolewa kwa upasuaji walitosheka na mizunguko miwili ya dawa, bila sindano ya mgongo hata moja, na asilimia 98 walikuwa salama miaka minne baadaye. Kundi la kati, ambao uvimbe wao ulionyesha kuitikia dawa mapema, walipunguziwa siklofosfamidi kwa zaidi ya asilimia 40 na kuondolewa mzunguko wa mwisho, na bado zaidi ya asilimia 90 walibaki bila ugonjwa, sawa na wenzao waliopata dozi kamili.

Lakini katika kundi la tatu, la watoto ambao ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye uboho au ubongo, kupunguza kulileta hasara. Waliopata dozi kamili, asilimia 90 hawakuwa na ugonjwa baada ya miaka minne. Waliopunguziwa, asilimia 80. Nawaomba wenzangu madaktari waisome tofauti hiyo mara mbili kabla ya kusema kwamba limfoma ya mtoto siku hizi inatibiwa kwa dawa kidogo. Watoto wote hao walikuwa wameitikia dawa vizuri mwanzoni, na bado kupunguziwa kuligharimu mtoto mmoja katika kila kumi.

Sasa turudi Tanzania. Kwa nini tusichukue dozi za Paris kama zilivyo, tukazileta hospitali za Muhimbili (Dar es Salaam) au KCMC (Moshi)? Uzito wa matibabu hayo uko kwenye metotreksati, ambayo hutolewa gramu 3 hadi 8 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Kiasi hicho kingemuua mtoto kama hakingefuatwa na dawa ya kukizima, kwa saa zilizopangwa, huku maabara ikipima kila siku kiwango kilichobaki kwenye damu. Kipimo kikichelewa au kitendanishi kikiisha, dawa inabaki mwilini, utando wa mdomo na utumbo unachubuka, na chembe nyeupe zinaisha. Juu ya hapo kuna malaria, utapiamlo, na damu ya kuongezewa ambayo haipatikani saa inapohitajika. Hospitali inayotoa dozi kubwa bila huduma ya kuibeba inabadilisha kifo cha saratani kwa kifo cha matibabu.

Hata dozi ndogo ina hatari yake. Chembe zinapokufa kwa wingi, taka zake humwagika kwenye damu na kuziba figo. Kinga kuu ni maji. Dripu huanza kabla ya dawa na huendelea usiku na mchana, pamoja na vidonge vya alopurinoli. Kando ya kitanda mama amekaa na jagi la plastiki lenye mistari ya mililita. Mtoto akikojoa, mkojo unapimwa na kuandikwa na saa yake kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Ukipungua, nesi anaitwa hapohapo, hata iwe saa nane za usiku. Nimeona akina mama ambao hawakuwahi kushika kalamu wakiisoma mistari ile kwa usahihi ndani ya siku moja. Katika usiku ule wa kwanza usalama wa figo za mtoto uko mikononi mwao kuliko mwa daktari.

Jibu la kwetu lilitokana na utafiti ulioongozwa na Profesa Twalib Ngoma wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, pamoja na wenzake wa Kenya na Nigeria, uliochapishwa mwaka 2012. Watoto na vijana 356 walipewa dawa tatu, siklofosfamidi, vinkristini na metotreksati ya kiwango cha chini, pamoja na sindano za mgongoni. Ambao ugonjwa haukuisha au uliwarudia waliongezewa dawa za hatua ya pili. Baada ya miaka miwili asilimia 62 walikuwa hai. Asilimia 62 si 90, na sitaki mtu aridhike nayo. Lakini mpango wenyewe una hekima: kuanza na kile ambacho wodi inaweza kukibeba salama, kumwangalia mtoto kwa makini, na kupandisha dozi kwa yule tu ambaye ugonjwa wake unakaidi. Shirika la kimataifa la wataalamu wa saratani za watoto, SIOP, nalo hushauri kwamba ukali wa tiba ya Burkitt barani Afrika uendane na uwezo wa hospitali.

Limfoma ya Hodgkin ina historia inayofanana, na nadhani haijasimuliwa vya kutosha. Mionzi ya shingo na kifua ilikuwa nguzo ya tiba yake Ulaya na Marekani. Kampala haikuwa na mashine, kwa hiyo Profesa Charles Olweny na wenzake wakawatibu watoto kwa dawa peke yake, na mwaka 1978 wakachapisha matokeo ya miaka kumi: zaidi ya nusu walipona. Leo hospitali za Ulaya huwaepusha watoto wengi wa Hodgkin na mionzi, baada ya picha kuonyesha kwamba mizunguko miwili ya kwanza ya dawa imefanya kazi, ili msichana aliyepona asipate saratani ya matiti ukubwani.

Kuna upunguzaji mwingine, ambao haukupangwa na utafiti wowote na ndio unaonitia uchungu zaidi. Mtoto ametoka Haydom hadi Moshi au Dar es Salaam. Amepata dozi ya kwanza, uvimbe umenywea, anakula, anacheza kwenye korido. Mvua zimeanza kunyesha Hanang, mahindi hayajapandwa, wadogo zake wameachwa kwa jirani, na nauli iliyobaki inatosha kurudi mara moja tu. Baba anaamua kuondoka, na kwa macho yake mtoto amepona. Lakini chembe zilizobaki hazionekani kwa macho wala hazishikiki kwa mkono, na zinaongezeka maradufu kila baada ya siku mbili. Akirudi baada ya miezi miwili, ugonjwa umefika kichwani, na yule aliyeweza kupona kwa dawa nyepesi sasa anahitaji dawa nzito ambazo hatuna uhakika wa kuzitoa salama. Burkitt mwenyewe aliwaona waliopona kwa dozi moja, ni kweli. Hakuna kipimo kinachotuonyesha leo ni mtoto yupi atakuwa na bahati hiyo.

Kwa hiyo ukipunguza nguvu ya dawa, tarehe zishikwe kwa ukali zaidi, na sindano za mgongoni zisiachwe. Mzazi aambiwe siku ya kwanza, kwa Kiiraqw au Kidatoga kama ndiyo lugha anayoielewa vizuri, idadi ya mizunguko na tarehe ya kila mmoja, na aambiwe waziwazi kwamba uvimbe utaisha kabla ya matibabu kuisha. Tumaini la Maisha, shirika linalofanya kazi na Muhimbili tangu mwaka 2011, limeonyesha kwamba familia isipodaiwa gharama za matibabu inabaki. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la kuponya angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani ifikapo mwaka 2030, na Burkitt na Hodgkin zote mbili zimo katika saratani sita zilizotangulizwa.

Hospitali ya Haydom na za wilaya zina kazi kubwa ambayo haihitaji metotreksati. Mtoto mwenye uvimbe wa taya au tumbo asipewe predinisoloni kabla ya kipande cha uvimbe kuchukuliwa, kwa sababu dawa hiyo huunyausha uvimbe kwa muda na kuificha saratani isitambulike maabara. Rufaa iandikwe siku hiyohiyo, na simu ipigwe kabla ya basi kuondoka. Mtoto akirudi nyumbani kati ya mizunguko, damu yake ipimwe hospitali ya jirani karibu na siku ya kumi, kinga inapokuwa chini kabisa. Akipata homa, hata nyuzi 38 tu, apewe antibayotiki ya mshipani saa hiyohiyo, bila kusubiri majibu ya malaria wala kuacha kuipima.

Ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Safari za ukaguzi za mwaka huo ni sehemu ya tiba kama zilivyo dawa, na nauli ya mtoto na mzazi mmoja, kwenda na kurudi, ihesabiwe kwenye gharama za matibabu tangu siku rufaa inapoandikwa.