Tawi Linamsaidiaje Mwanachama? Maelezo kwa Wafanyakazi wa Umma wa Kanama



Kila mwezi, ada ya chama inapokatwa, wako wanaojiuliza: fedha hizi zinanirudishia nini? Swali hilo ni la haki. Mwenye mali ana ruhusa ya kuuliza mali yake inafanya kazi gani, na chama kinachokasirika kikiulizwa hivyo kina jambo la kuficha. Katika toleo hili tunajaribu kujibu, na ili tusiongee hewani tunaangalia mahali pamoja: Sekta ya Kanama, Wilaya ya Rubavu, katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda.

Kanama ni moja kati ya sekta 12 za Rubavu. Iko kwenye barabara kuu itokayo Musanze kwenda Gisenyi, na Mahoko ndicho kituo chake cha biashara kinachojulikana zaidi. Mto Sebeya unapita upande huo ukielekea Ziwa Kivu. Wafanyakazi wa umma wa mahali kama hapo ni walimu, wauguzi, wakunga, wahasibu na makarani wa serikali ya mitaa. Wako pia walinzi na wapishi wa shule, ambao mara nyingi husahauliwa tunapohesabu. Watu hawa wametawanyika vilimani, shule hii huku, kituo cha afya kule. Makao makuu ya vyama vyao yako Kigali, mwendo wa saa kadhaa kwa basi. Mtu aliyepewa barua ya kuachishwa kazi Jumatatu hawezi kungoja mpaka kiongozi apate nafasi ya kutoka Kigali. Ndiyo maana kuna tawi.

HAKI HII IMETOKA WAPI

Katika Rwanda, Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la CESTRAR liliundwa mwaka 1985, wakati nchi ilikuwa na chama kimoja cha siasa, nalo lilikuwa chini ya mkono wa chama hicho. Mwaka 1991, siasa ya vyama vingi iliporuhusiwa, CESTRAR ikajitenga na chama cha siasa, na baadaye mashirikisho mengine yakazaliwa. Mwaka 1988 Rwanda ilikuwa imekwisha kuridhia mikataba miwili mikubwa ya Shirika la Kazi Duniani: Na. 87 juu ya uhuru wa kuunda vyama, na Na. 98 juu ya haki ya kujadiliana kwa pamoja.

Lakini mkataba huo Na. 98 una mlango uliobaki wazi. Unasema kwamba hauhusu watumishi wanaoshughulika na uendeshaji wa dola. Kwa miaka mingi serikali nyingi duniani ziliutumia mlango huo kuwaambia watumishi wao: "Ninyi hamna cha kujadiliana na sisi." Mwaka 1978 wajumbe waliokutana Geneva walipitisha Mkataba Na. 151, unaowahusu watumishi wa umma hasa. Rwanda iliuridhia mwaka 2018.

Mkataba huo unasema mambo ambayo kila katibu wa tawi anapaswa kuyajua. Mtumishi asinyanyaswe kwa sababu ya kuwa mwanachama. Chama cha watumishi kisiendeshwe na mamlaka ya serikali. Wawakilishi wapewe nafasi ya kufanya kazi yao upesi na vizuri, ndani na nje ya saa za kazi, mradi shughuli za ofisi zisiharibike. Kwa hiyo mwalimu mwakilishi anapoomba ruhusa ya saa moja kumsikiliza mwenzake, haombi fadhila. Naye akiondoka darasani bila kuaga na kuwaacha watoto bila mwalimu, mkataba huo haumkingi.

Jirani zetu wa Tanzania wameyaweka mambo ya namna hii katika hesabu. Sheria yao ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakiruhusu chama kilichosajiliwa kufungua tawi mahali pa kazi penye wanachama 10 au zaidi. Wanachama 1 hadi 9 wana mwakilishi 1. Wanachama 10 hadi 20 wana wawakilishi 3. Wanachama 21 hadi 100 wana wawakilishi 10. Sheria hiyo inataja pia kazi ya mwakilishi, na ya kwanza ni kumwakilisha mwanachama katika malalamiko na katika vikao vya nidhamu. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha vizuri tawi ni nini: si jengo wala bendera, ni watu wachache waliochaguliwa na wenzao, wanaojua la kufanya siku mwenzao anapoitwa ofisini.

KAZI YA KWANZA: KUSOMA KARATASI YA MSHAHARA

Tawi linaloanza na hotuba huchoka mapema. Linaloanza na karatasi ya mshahara halikosi kazi.

Tuchukue mshahara wa faranga 100,000 usio na posho, ili hesabu iwe nyepesi. Bima ya afya ya watumishi, ambayo wengi bado wanaiita RAMA, hukata asilimia 7.5 kwa mfanyakazi, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Hizo ni faranga 7,500. Akiba ya uzeeni ilikuwa asilimia 3 kwa mfanyakazi na 3 kwa mwajiri. Tangu Januari 2025 imekuwa 6 kwa 6. Kwa hiyo makato ya mfanyakazi yamepanda kutoka faranga 3,000 hadi 6,000. Mfuko wa likizo ya uzazi huchukua asilimia 0.3, yaani faranga 300. Tena kuna kodi ya mapato, kwa sehemu inayozidi faranga 60,000.

Mwanachama asiyejua habari hii ataona mshahara wake umepungua na kudhani mhasibu amemwibia. Pengine atamtukana, na kesi itakayofuata itakuwa ya utovu wa adabu, si ya mshahara. Mwingine atanyamaza miaka mitatu huku makato yanakatwa lakini hayafiki kunakohusika, na atagundua siku ya kustaafu. Wote wawili wangeokolewa na mtu mmoja wa tawi anayekaa nao nusu saa, karatasi mezani, kalamu mkononi.

Vivyo hivyo na nyongeza. Mnamo Agosti 2022 serikali ilitangaza nyongeza ya asilimia 88 kwa walimu wa shule za msingi wenye cheti cha A2, na asilimia 40 kwa wenye sifa za A1 na A0. Hilo lilikuwa jambo kubwa, nasi tulilishangilia. Lakini tangazo la nyongeza na nyongeza yenyewe ni vitu viwili. Kazi ya tawi ni kuuliza, shule kwa shule: je, kila anayestahili amepata? Aliyehamishwa katikati ya mwaka yumo? Aliyekuwa katika likizo ya uzazi yumo? Jina lililokosewa herufi moja linatosha kumkosesha mtu haki yake, na makao makuu hayawezi kuliona kosa hilo. Jicho la tawi ndilo linaloliona.

KAZI YA PILI: BARUA YA KUJIELEZA

Hapa ndipo kazi za watu zinapopotea.

Tuseme muuguzi amepewa barua: ajieleze kwa maandishi kwa nini dawa fulani hazionekani katika hesabu. Ana hofu, ana hasira, na usiku ule ule anaandika kurasa mbili. Anaeleza chuki ya mkuu wake, anataja mambo ya mwaka juzi, anaomba msamaha mwishoni "kama nimekosea". Swali lenyewe la dawa hakulijibu. Barua ile sasa imo katika faili, na kila atakayeamua shauri lake ataisoma kama kukiri kosa.

Tawi lililo hai humwambia mambo manne. Kwanza, aandike tarehe aliyoipokea barua, kwa maana muda wa kujibu unahesabiwa. Pili, ajibu lililoulizwa tu. Tatu, aambatanishe ushahidi: zamu ya siku ile, daftari la makabidhiano, jina la aliyekuwa na ufunguo. Nne, abaki na nakala yenye sahihi au muhuri wa mpokeaji. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na kazi nayo ni mali.

Jambo lingine ni kujua mtu yuko chini ya sheria ipi. Mtumishi aliyeajiriwa kwa masharti ya utumishi wa umma anaongozwa na Sheria Na. 017/2020, na walimu wana masharti yao maalumu pia. Adhabu huanzia onyo na kufika hadi kufukuzwa kazi, na asiyeridhika hukata rufaa kwa maandishi katika muda uliowekwa. Aliyeajiriwa kwa mkataba, kama vile mlinzi au mpishi wa shule, anahusika na Sheria ya Kazi Na. 66/2018. Njia yake ni nyingine: mgogoro huanza kwa wajumbe wa wafanyakazi, ambao hujaribu kuupatanisha, ukishindikana huenda kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya, ukishindikana hapo nao huenda mahakamani. Anayeruka ngazi anaweza kurudishwa nyuma, na huku siku zake zinakwisha.

Na tawi humsindikiza. Mtu anayeingia peke yake kwenye kikao chenye watu watano upande wa pili husahau hata anayoyajua. Akiwa na mwenzake kando, anayeandika yanayosemwa, kikao chenyewe huenda kwa heshima zaidi. Hatusemi kwamba tawi linamtetea mwizi. Tunasema kwamba hata mwenye kosa ana haki ya kusikilizwa na kupewa adhabu inayolingana na kosa, na asiye na kosa ana haki ya kurudi kazini bila doa.

KAZI YA TATU: SIKU YA MSIBA

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa iliinyeshea Rwanda ya magharibi na kaskazini. Mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumizwa sana. Sebeya ulifurika na kuingia majumbani. Maji hayaulizi nani ni mkulima na nani ni mwalimu.

Katika msiba wa namna hiyo serikali na mashirika hutoa mahema, chakula na blanketi. Tawi halina mali ya kushindana nao, wala halipaswi kujaribu. Lina kitu kingine: orodha ya watu wake. Linaweza kujua kabla ya jua kuzama nani hajaonekana, nani anahitaji pa kulala, nani atachelewa kazini na mkuu wake aarifiwe mapema asije akaandikiwa utoro. Linaweza pia kumsaidia aliyepoteza hati za ajira, vyeti na karatasi za mshahara kuomba nakala mpya. Kwa sababu hiyo tunashauri kila tawi liwe na daftari la wanachama, na nakala ya pili ya daftari hilo ihifadhiwe mahali palipoinuka, mbali na mto.

Juu ya mikopo, tuwe wakweli. Walimu wa Rwanda wana Umwalimu SACCO iliyoanza kuwahudumia mwaka 2008, na mambo ya kukopa yaende huko. Tawi linaloanza kukopesha ada za wanachama hugeuka haraka kuwa mahali pa ugomvi: wadaiwa hawahudhurii mikutano, na wasiokopa hawaamini hesabu.

WAJIBU WA MWANACHAMA

Tumesema tawi linafanya nini. Sasa tuseme mwanachama anafanya nini, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Tawi linataka mkutano, na mkutano unataka watu. Uitishwe siku isiyogongana na umuganda wala zamu za hospitali, uanze kwa saa iliyotangazwa, na muhtasari uandikwe. Mweka hazina asome mapato na matumizi mbele ya wote, risiti zikiwapo. Viongozi wachaguliwe kwa kura, na wawepo wanawake, kwa sababu muuguzi au mwalimu anayesumbuliwa kwa ajili ya ujauzito hatasema kwa urahisi mbele ya wanaume watupu. Na mwanachama alete shauri lake mapema. Anayeleta barua siku aliyoipokea tunaweza kumsaidia. Anayeileta baada ya muda wa rufaa kwisha hutuachia pole tu za kumpa.

Kwa hiyo yule anayeuliza ada yake inamrudishia nini, tunamwomba ajibu maswali haya matatu. Je, unamjua mwakilishi wako kwa jina na mahali anapopatikana? Je, jina lako limo katika daftari la tawi? Je, karatasi zako za mshahara za mwaka huu ziko wapi? Kama hukuweza kujibu hata moja, usingoje barua ya kujieleza ikufikie. Mtafute mwakilishi wako wiki hii, na uende na karatasi zako mkononi.