Kutoka Matofali Hadi Sinema

Ndugu wafanyakazi, hapa Nchelenge na Kashikishi, kando ya Ziwa Mweru, wazee wetu waliokwenda migodi ya Copperbelt kabla ya Uhuru wa 1964 walirudi na hadithi za sinema. Makambini zilionyeshwa uwanjani usiku. Zilizopendwa sana ni za makaboi, na shujaa wao aliitwa Jeke. Serikali ya kikoloni ilikata vipande ambavyo haikutaka Mwafrika avione. Mchimba migodi alikuwa mtazamaji tu. Nani angempa kamera?

Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, hakungoja kupewa. Alikuwa mfyatua matofali. Utotoni hakuingia sinema. Kaka zake ndio waliokwenda, wakirudi wanamsimulia. Mapenzi hayo hayakumtoka. Alijifunza kompyuta kwa muda mfupi, mengine akajifundisha mwenyewe, na mwaka 2005 akaanzisha kampuni yake ya picha. Mwaka 2010 alitoa "Who Killed Captain Alex?", ambayo gharama yake hutajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Bunduki za mchezo ziliundwa kwa vyuma chakavu, kazi ya fundi hasa. Kompyuta ilipojaa, ilibidi aifute picha yenyewe apate nafasi ya kutengeneza nyingine! Ikabaki nakala yenye sauti ya msimulizi juu yake.

Waigizaji walizunguka nyumba kwa nyumba wakiuza nakala. Sisi wa chama, kwa mazoea yetu, tungeuliza kwanza: daftari la malipo anashika nani?