Kuishi Bila Kibofu (3): Utumbo Uoshwe Kabla ya Kushonwa

Juma lililopita tuliishia mahali ambapo daktari amekwisha kukiondoa kibofu chenye saratani. Mgonjwa wetu, kama wengine wengi wa Unguja, Pemba na vijiji vya bara vyenye mabwawa, aliugua kichocho tangu utotoni. Sasa mkojo wake unatafutiwa njia mpya, na njia hiyo inakatwa kutoka utumbo mwembamba.

Mbinu inayotumika zaidi ilienezwa na Eugene Bricker wa Marekani mwaka 1950. Kipande cha utumbo cha sentimita 15 hadi 20 hutengwa bila kukatiwa damu, mirija miwili inayotoka kwenye figo hushonewa humo, kisha ncha moja hutokezwa kwenye ngozi ya tumbo kama tundu ili mkojo utiririkie mfukoni.

Taabu ni kwamba utumbo ni makazi ya bakteria. Tena kibofu tulichozaliwa nacho kina kinga ya ajabu: mirija hupenya ukuta wake kwa mshazari, hivyo kibofu kikijaa, ukuta huibana na mkojo haurudi nyuma. Njia mpya mara nyingi haina kizuizi hicho. Vijidudu vikipanda, vinafika kwenye figo, na vinamkuta mtu aliyetoka kupasuliwa, mwenye mishono mibichi na vijirija vya plastiki vilivyopitishwa humo. Ndiyo maana maambukizi ni miongoni mwa sababu kubwa za wagonjwa hawa kurudishwa wodini.

Kwa hiyo wako madaktari wanaokiosha kipande hicho wakiwa bado kwenye chumba cha upasuaji. Hutangulia maji ya chumvi ya hospitali mpaka yatoke meupe, kisha hufuata povidoni-iodini, ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda, ikiwa imezimuliwa. Utaratibu huo haubadilishwi, kwa sababu kinyesi, damu na ute huimaliza nguvu iodini kabla haijawafikia bakteria. Kuizimua nako si ubahili. Iodini inayoua ni ile iliyojitenga na povidoni, na dawa ya asilimia 10 ikizimuliwa kwa kiasi, iodini huru huongezeka. Hata hivyo utumbo hunyonya, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo au figo dhaifu lazima afikiriwe kwanza.

Si kila hospitali inafanya hivi, wala uoshaji hauchukui nafasi ya antibiotiki ya mshipani inayotolewa muda mfupi kabla ya kupasua. Mimi naiona hoja yake kuwa nzito: hakuna saa nyingine ambapo utumbo huo utakuwa wazi mikononi mwa daktari, kabla mkojo haujaanza kupita.

Nyumbani mambo ni mengine kabisa. Iodini isitiwe kwenye tundu. Waliotengenezewa kibofu kipya cha utumbo badala ya tundu hufundishwa kukisukutua kwa maji ya chumvi kupitia mpira, kwa kuwa utumbo hauachi kutoa ute, na ute ukiganda huziba njia. Ute huohuo ndio unaoufanya mkojo uwe na ukungu. Inaniuma sana kuona mgonjwa akimezeshwa antibiotiki mara kwa mara kwa sababu ya ukungu huo tu, au kwa kuwa maabara imeotesha mkojo na kukuta bakteria. Kwa mwenye tundu, bakteria watakutwa karibu kila mara. Kinachodai matibabu ya haraka ni homa, kutetemeka kwa baridi, maumivu ya ubavuni au kutapika.

Na dalili hizo zikitokea, mkojo wa kupima usichotwe mfukoni, ambako vijidudu vimekwisha kuzaliana. Muuguzi auvue mfuko, alisafishe tundu, apitishe mpira mpya usio na vijidudu, na akinge matone yanayotoka ndani.

Juma lijalo: vitamini B12, na kwa nini utumbo uliokatwa huweza kuipunguza mwilini.