Waliokataa Kanuni ya Imani, Wakaiandika

Mpentekoste akiulizwa imani yake imeandikwa wapi, kwa kawaida ataonyesha Biblia, na kwake swali limekwisha. Kanuni ya Imani ni mambo ya Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri: maneno yanayokaririwa kila Jumapili hadi yanapoteza makali mdomoni. Aliyeokoka ana Neno na ana Roho. Akariri nini tena? Jibu hilo linatoka moyoni, ila historia hailiungi mkono. Makanisa ya Kipentekoste yana matamko ya imani yaliyoandikwa na wajumbe mkutanoni, yakajadiliwa kwa ukali na kupigiwa kura. Anayetaka kuelewa Upentekoste unaamini nini, na kwa nini unaamini hivyo, atafaidika zaidi akianzia kwenye mikutano hiyo kuliko kwenye nyimbo na vipaza sauti.

Mkutano wa kwanza unaohusika ulifanyika Aprili 1914 mjini Hot Springs, katika jimbo la Arkansas nchini Marekani. Walihudhuria watu wapatao 300, wengi wao wahubiri waliokuwa wamefukuzwa au kujitoa katika madhehebu yao ya zamani. Shida zilizowakutanisha zilikuwa za dunia hii: nani aaminiwe na fedha za wamisionari, nani apewe cheti cha uhubiri, vijana wasomee wapi. Hapo ndipo lilipozaliwa kanisa la Assemblies of God. Wajumbe walitangaza kwamba hawataki kuwa dhehebu wala kuandika kanuni ya imani; Maandiko yanatosha. Oktoba 1916, miezi 30 baadaye, walikutana St. Louis wakaandika Tamko la Kweli za Msingi. Walieleza ndani yake kwamba halikukusudiwa kuwa kanuni ya imani ya kanisa. Kilichotofautiana na kanuni ya imani ni jina.

Sababu ya kugeuka upesi namna hiyo inaeleza mengi kuhusu fikra za Kipentekoste. Mwaka 1913, kwenye mkutano wa kambi uliofanyika Arroyo Seco karibu na Los Angeles, mhubiri mmoja alidokeza kwamba katika Matendo ya Mitume watu walibatizwa kwa jina la Yesu, ilhali agizo la mwisho wa Injili ya Mathayo linataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Wengine wangeliona hilo kuwa jambo dogo la ibada. Waliomsikiliza waliliona kuwa fumbo lenye ufunguo: ikiwa mitume waliielewa amri ya Bwana wao, basi jina la Baba, la Mwana na la Roho ni moja, nalo ni Yesu, na ikiwa jina ni moja, basi Mungu si nafsi tatu. Wahubiri walianza kubatizana upya. Vuguvugu hilo, linaloitwa la Umoja na ambalo wapinzani wake hulifupisha kuwa “Yesu Peke Yake”, lilienea kwa kasi ndani ya kanisa lenye umri usiozidi miaka miwili. Kura zilipopigwa St. Louis, wachungaji 156 kati ya 585 walijikuta nje.

Waliotoka hawakuwa wameasi njia ya kusoma Biblia waliyofundishwa. Waliifuata hadi mwisho wake. Upentekoste wote umejengwa juu ya kanuni kwamba yaliyotendeka katika Matendo ni kielelezo cha yanayopaswa kutendeka leo, na katika Matendo ubatizo ni kwa jina la Yesu. Ili kuwajibu, waliobaki walilazimika kurudi kwenye msamiati wa mabaraza ya karne ya nne, yaani Utatu na nafsi, maneno yasiyomo katika Biblia. Tamko lenyewe linakiri kwamba hayamo, kisha linasema yanapatana nayo. Watu waliokuja na Biblia peke yake wakaokolewa na baraza la Nikea.

Kwa sehemu kubwa ya yaliyobaki, tamko la Kipentekoste halitamshangaza Mkristo wa kanisa lolote la kiinjili. Biblia imevuviwa na haikosei. Yesu alizaliwa na bikira, akafa kwa ajili ya dhambi za watu, akafufuka katika mwili. Mwanadamu huokoka kwa neema kwa njia ya imani, si kwa matendo. Ubatizo ni wa maji mengi na ni kwa wanaoamini, kwa hiyo watoto wachanga huwekwa wakfu badala ya kubatizwa. Hakuna lolote hapo ambalo Mbaptisti asingelitia sahihi. Linalowatenganisha linaanzia baada ya wokovu.

Mpentekoste anaamini kwamba aliyekwisha kuokoka anaweza, na anapaswa, kupokea jambo jingine tofauti: ubatizo wa Roho Mtakatifu, ambao makanisani kwetu wengi huuita ujazo. Kazi yake si kumwingiza mtu mbinguni. Wokovu umekwisha kufanya hivyo. Kazi yake ni kumpa nguvu za kushuhudia na kutumika. Hata idadi ya hatua ilizua ugomvi. Kundi la kwanza, lililotoka katika vuguvugu la utakatifu, lilihesabu tatu: wokovu, utakaso, kisha ujazo, kwa kuwa Roho hawezi kujaza chombo kisichosafishwa. William Durham wa Chicago alihubiri kwamba kazi ya msalaba ilikwisha msalabani, hivyo hatua ni mbili tu na utakaso ni safari ya maisha yote. Mwaka 1911 alikuta mlango wa kanisa la Azusa Street mjini Los Angeles, kituo cha kundi hilo la kwanza, umefungwa asihubiri tena humo. Assemblies of God ilifuata hesabu ya Durham.

Swali gumu zaidi si la hatua ngapi bali la ushahidi. Mtu atajuaje kwamba amejazwa? Hapa Upentekoste ulitoa jibu ambalo halikuwahi kutolewa kwa uwazi kiasi hicho: atanena kwa lugha asiyojifunza. Jibu hilo lina mwandishi na lina tarehe. Mwishoni mwa 1900, katika shule ndogo ya Biblia huko Topeka, Kansas, mwalimu Charles Parham aliwapa wanafunzi wake kazi ya kutafuta katika Matendo alama ya kibiblia ya ubatizo wa Roho. Walirudi na jibu moja. Siku ya kwanza ya Januari 1901 mwanafunzi Agnes Ozman aliombewa kwa kuwekewa mikono, akanena. Mtihani ulitungwa kwanza, muujiza ukafuata.

Mwalimu huyo huyo, akifundisha Houston mapema 1906, alikuwa na mwanafunzi Mweusi aliyelazimika kusikiliza masomo akiwa nje ya chumba kwa sababu ya sheria na desturi za ubaguzi. William Seymour, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa, aliyapeleka mafundisho hayo Los Angeles, na kuanzia Aprili mwaka huo jengo namba 312 la Azusa Street, kanisa la zamani lililokuwa limegeuzwa zizi na ghala, likawa chemchemi ya vuguvugu ambalo leo lina waumini katika kila bara.

Parham hakuamini tu kwamba lugha ni ishara. Aliamini ni lugha halisi za mataifa, kipawa ambacho wanazuoni hukiita zenolalia, na kwamba Mungu alikuwa akiwaandaa wamisionari wasiohitaji kujifunza lugha darasani. Ozman alidhaniwa amenena Kichina. Watu waliuza mali wakapanda meli wakiwa na imani hiyo. Alfred na Lillian Garr waliondoka Los Angeles kwenda Kalkuta wakitarajia kuhubiri Kibengali. Wabengali hawakuwaelewa. Garr hakuiacha imani yake. Aliendelea na kazi India, kisha akaenda Hong Kong, ila alikubali kwamba lugha hizo hazikuwa za kuhubiria wenyeji.

Hapo fundisho lilibadilika bila mkutano wala kura. Kunena kwa lugha kukaacha kuwa chombo cha kazi kukawa uthibitisho. Kabla ya hapo kulikuwa na kipimo ambacho mtu wa nje angeweza kukikagua: Mbengali ama anaelewa ama haelewi. Baada ya hapo kipimo kilibaki mikononi mwa waliomo chumbani. Tamko la 1916 lilikiweka kwa jina la ishara ya awali, nacho kingalipo katika toleo la leo, kipengele cha nane kati ya 16. Hoja yake inastahili kutazamwa kwa makini, maana ni imara kuliko wadhihaki wanavyodhani na ni dhaifu kuliko wahubiri wanavyodai.

Matendo inasimulia mara tano watu wakimpokea Roho kwa mara ya kwanza: Yerusalemu katika sura ya 2, Samaria katika sura ya 8, Paulo katika sura ya 9, nyumba ya Kornelio katika sura ya 10, na wanafunzi wa Efeso katika sura ya 19. Lugha zinatajwa waziwazi mara tatu. Samaria hazitajwi, lakini Simoni mchawi aliona kitu cha kumfanya atoe fedha anunue uwezo huo, na mtu hanunui asichokiona. Kwa Paulo hazitajwi pia, lakini yeye mwenyewe anawaandikia Wakorintho kwamba hunena kwa lugha kuliko wao wote. Tatu za wazi na mbili za kukisia: kwa Mpentekoste huo ni mtindo, na Luka hakuuandika kwa bahati mbaya. Mkanada Roger Stronstad alitetea mwaka 1984 kwamba Luka ni mwanateolojia kamili, si mtunza kumbukumbu wa kuwekwa chini ya nyaraka za Paulo.

Mapingamizi ni mawili. Paulo, katika 1 Wakorintho 12, anauliza swali ambalo jibu lake linalotarajiwa ni kwamba si wote wanenao kwa lugha. Wapentekoste hujibu kwa kutofautisha ishara na karama: kila aliyejazwa hunena mara ile ya kwanza, lakini si kila mmoja hupewa karama ya kunena kanisani na kufasiriwa. Tofauti hiyo inawezekana, ila Paulo haitaji. Pingamizi la pili lilitoka nyumbani. Gordon Fee, mchungaji wa Assemblies of God na mfasiri mashuhuri wa Agano Jipya, aliuliza kama jambo linakuwa sheria kwa kuwa tu lilitokea, pasipo mwandishi kuonyesha kwamba alikusudia liigwe. Mitume walipiga kura ya bahati nasibu pia kumpata mrithi wa Yuda, na hakuna jimbo la Kipentekoste linalochagua askofu kwa namna hiyo.

Wengine hawakungoja wafasiri. F. F. Bosworth, mmoja wa viongozi wa mwanzo, alijiuzulu mwaka 1918 kwa kuwa aliona lugha ni ishara mojawapo, si ishara pekee. Na Seymour mwenyewe, baada ya kuona wazungu waliojazwa Azusa wakirudi kwenye makanisa yao yaliyobagua, alichapisha mwaka 1915 kitabu cha taratibu za kanisa lake akipinga kuifanya lugha kuwa uthibitisho pasipo upendo. Mwaka mmoja baadaye wengine waliipigia kura.

Afrika Mashariki ilikuwa na kipimo chake kabla Upentekoste haujaenea. Uamsho uliochipuka Rwanda na Uganda kati ya mwisho wa miaka ya 1920 na miaka ya 1930, Gahini ikiwa kitovu, uliwafanya watu waungame dhambi hadharani, warudishe walivyoiba na kutoa ushuhuda mbele ya ndugu. Hao ndio walokole wa kwanza, nao kwa sehemu kubwa walibaki Waanglikana na baadaye Walutheri. Leo mtu wa Mwanza au Nakuru akisema “mlokole” humaanisha Mpentekoste. Neno limehamia kanisa jingine. Kipimo hakikuhama nalo kikamilifu. Jirani aliyerudishiwa mbuzi wake anaweza kuuthibitisha ushuhuda. Lugha hazimrudishii mtu mbuzi.

Baada ya wokovu na ujazo, nguzo mbili zilizobaki za imani ya Kipentekoste zinaweza kuelezwa kwa ufupi. Uponyaji unafundishwa kuwa umo ndani ya kazi ya msalaba, kwa msingi wa Isaya 53, na ndiyo maana mgonjwa huombewa kama haki wala si kama bahati. Baadhi ya waanzilishi walikataa dawa kabisa. Matamko ya leo hayamkatazi mtu daktari. Kurudi kwa Yesu kunatarajiwa wakati wowote, kwanza kulinyakua kanisa, kisha kutawala miaka 1000. Matarajio hayo ndiyo yaliyowafanya wahubiri wa mwanzo wawe na haraka na wasijenge majengo. Wajukuu wao wanajenga, tena makubwa.

Kinachokosekana katika vipengele 16 ni kile ambacho wapita njia wengi wa miji yetu hukihusisha na Upentekoste kuliko vyote: kwamba sadaka ni mbegu na utajiri ni mavuno yake. Fundisho hilo halina kipengele. Mwaka 1980 uongozi wa Assemblies of God ya Marekani ulitoa waraka ukionya dhidi ya ukiri chanya, yaani imani kwamba mtu hupata kile anachokitamka kwa kinywa chake. Waraka huo hausomwi sana kwenye majukwaa.

Hata wanaokwepa kuandika hulazimika kuandika. Makanisa ya Kipentekoste ya Uswidi yaliyozaa Free Pentecostal Church of Tanzania yalikataa hata makao makuu, kila kanisa la mahali likijitawala chini ya Roho. Lakini Tanzania na Kenya jumuiya ya dini husajiliwa, na msajili huomba katiba. Roho huvuma apendako. Fomu hujazwa ofisini. Kwa hiyo nao wana karatasi, kama walivyo nazo Tanzania Assemblies of God na ndugu zao.

Mwaka 2006 taasisi ya utafiti ya Pew iliwahoji Wapentekoste katika nchi 10, Kenya ikiwamo. Katika nchi sita kati ya hizo, zaidi ya 40 katika kila 100 walisema hawaneni wala kuomba kwa lugha kamwe. Kipengele cha nane kingali palepale.