Kumtunza Mzee

Aliyepata kuhudhuria taarabu Unguja au Mombasa hana haja ya kufasiriwa kwamba kutunza ni kuinuka kitini, kuikunja noti na kumwendea mwimbaji kwa maringo ili kumpa mbele ya hadhara. Ilhali nyumbani neno hilohilo, lisilopunguzwa wala kuongezwa herufi, ni kumwosha, kumlisha na kumlaza mzee aliyeishiwa na nguvu. Watu wa kamusi na wazipambanue maana hizo wapendavyo. Mimi, niliyekulia mikononi mwa bibi, sikupata kuuona mpaka baina yao, kwani katika zote mbili mtu hutoa kwa taadhima.

Wako wasemao, "Mama sasa tunamlea sisi," nao hawakukosea lugha, lakini sijamsikia mzee aliyefurahishwa na kauli hiyo, maana alelewaye ni mtoto. Hata dua ambayo Waislamu huwaombea wazazi wao, iliyomo katika Sura ya Bani Israili, aya ya 24, imelipambanua jambo hili: wazazi ndio waliolea, na mtoto, badala ya kujisifu kwamba naye sasa amelea, huwaombea rehema.

Serikali ya Zanzibar ilipoanza, Aprili 2016, kumpa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, pasi na kuuliza kama alipata kuajiriwa au la, nadhani iliwatunza wazee kwa ile maana ya ukumbini, nayo ni ihsani isiyo haba. Ila noti haijui kutwanga tambuu.

Nasema hivyo kwa kuwa bibi yangu meno yalimwisha kabla ya hamu kumwisha, na kazi yangu kila baada ya alasiri ilikuwa kukaa chini kando ya kitanda chake cha kamba, na kikinu kidogo kati ya magoti, nikimtwangia popoo na jani la tambuu, katu na tumbaku kidogo, mpaka vilainike vyote; chokaa ilinipa taabu, kwani ikizidi humchoma ulimi, naye, badala ya kunikaripia, alitema koponi polepole na kusema nitie popoo zaidi. Siku nilipopatia, alipapasa chini ya mto, akatoa thumuni, akanifumbatisha kiganjani.

"Nakutunza, mjukuu wangu," akasema.