Uzuri wa Yai Si Gamba

Keroka ni mji uliokaa mpakani, mguu mmoja Kisii na mguu wa pili Nyamira. Siku ya soko, kati ya mikungu ya ndizi na mafungu ya mboga, nilimkuta mama mmoja ameketi na karai la mayai. Mengine yalikuwa ya kahawia, mengine meupe. Wanunuzi walikuja, wakachagua ya kahawia, wakaenda zao. Kufikia adhuhuri yalisalia meupe matupu.

"Haya ni ya kuku wa gredi," bwana mmoja alimwambia, asisimame hata kidogo.

Mama akanigeukia mimi. "Mzee, kuku hawa ni wa kienyeji, nimewalea tangu vifaranga. Rangi nitaitoa wapi?" Na mayai yale, akaniambia, ndiyo madaftari na kalamu za wanawe.

Msomaji mpenzi, mama yule alisema kweli, na bwana yule alihadaiwa na macho yake. Rangi ya gamba ni urithi wa damu, haielezi namna kuku alivyolelewa. Gamba huchukua saa kama 20 kujengeka ndani ya kuku, na asili yake ni jeupe. Mtetea wa mayai ya kahawia hulitia rangi saa za mwisho, kama fundi apakaye ukuta uliokwisha kujengwa. Ndiyo maana ukilivunja, ndani waona weupe. Tena kuku wengi wa gredi wafugwao mabandani hapa Kenya hutaga hayo hayo ya kahawia! Basi aliyeikimbia gredi kwa rangi, huenda ndiyo aliyoibeba kikapuni.

Huko Chile wako kuku waitwao Araucana, watagao mayai ya buluu. Buluu hiyo hupenya gamba zima, nje na ndani. Mwaka 2013 wataalamu walieleza chanzo chake: kirusi cha zamani kilichojipachika katika chembe za urithi za kuku. Jogoo halisi wa ukoo huo akimpanda mtetea wa mayai ya kahawia, binti zao hutaga mayai ya kijani, kwa kuwa kahawia imepakwa juu ya buluu.

Hapo ndipo penye ilimu. Jogoo hatagi, lakini amebeba nusu ya urithi wa rangi. Atakaye kubadili mayai ya boma lake asitazame mkia wa jogoo wala kilemba chake. Na aulize mama yake na dada zake walitaga mayai gani. Kazi hiyo si nyepesi Kisii na Nyamira, ambako mashamba ni madogo na nyumba zimekaribiana. Jogoo wa jirani habishi hodi. Na mtetea aliyepandwa huhifadhi mbegu majuma mawili na zaidi, hivyo budi atengwe kama majuma matatu kabla ya kuletewa jogoo mteule.

Mnunuzi naye atazame nini? Rangi ya kiini hutokana na chakula: majani mabichi na mahindi ya manjano. Kujua upya wa yai, litie majini. Jipya hulala chini; la siku nyingi husimama au huelea.

Kule Tabaka, mafundi huchonga mayai ya mawe, meupe na ya waridi. Hayo mtu na anunue kwa rangi, maana ndani hamna cha kula. Lakini yai la kuku? Wahenga walikwisha kunena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Niliyanunua meupe yote, kwa bei ile ile ya kahawia. Jioni yalipochemshwa, viini vilikuwa vya manjano kama embe bivu la kwetu pwani.